Kutoka Amani Leo hadi Mtondogoo: Kuiwazia Kivu na Ituri ya Mwaka 2060

Katika miaka ya 2009 na 2010 operesheni tatu za kijeshi zilifuatana mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na kila moja ilipewa jina ambalo mkulima wa Rutshuru au mvuvi wa Kalehe angelielewa bila mkalimani: ya kwanza iliitwa Umoja Wetu, ya pili ikaitwa Kimia II, kimia likiwa ni neno la Kilingala lenye maana ya amani, na ya tatu ikaitwa Amani Leo. Majina hayo yanastahili kutazamwa kwa uzito, hasa lile la mwisho, kwa kuwa linataja waziwazi kipimo cha wakati ambacho kimetawala karibu kila juhudi ya kuliokoa eneo hilo kwa zaidi ya miaka thelathini. Kiswahili kina hazina pana kuliko hiyo: baada ya leo kuna kesho, baada ya kesho kuna keshokutwa, kisha mtondo, kisha mtondogoo, na kuwepo kwa maneno hayo ni ushahidi kwamba wenye lugha hii waliona haja ya kuipa jina hata siku ambayo bado iko mbali. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Ituri hazijapata bado mahali pa kuifikiria mtondogoo yao, na kwamba upungufu huo si matokeo ya vita peke yake, bali ni mojawapo ya mambo yanayovirudisha vita kila vinapoelekea kwisha.

Kuna mambo matatu ambayo mara nyingi huchanganywa na ambayo hayana budi kutenganishwa. Utabiri ni kauli juu ya jambo litakalotokea, na katika eneo lenye volkano mbili hai, majirani wenye majeshi yenye nguvu, na madini ambayo bei zake huamuliwa mbali, utabiri wa miongo mitatu au minne hauna thamani kubwa. Mpango ni orodha ya kazi zilizopangiwa fedha na muda, na mipango ya aina hiyo Kivu haijawahi kuikosa, kwa kuwa imeandikwa kwa wingi na wafadhili, wizara na mashirika, kila mmoja kwa miaka mitatu au mitano ya bajeti yake. Kuwazia mustakabali ni kazi ya tatu, nayo ni kutunga kwa nidhamu simulizi kadhaa za jinsi mambo yanavyoweza kuwa, nzuri na mbaya, kwa kufuata sababu na matokeo hatua kwa hatua, ili watu wanaopingana juu ya leo wapate jambo la kujadiliana ambalo hakuna hata mmoja wao anayelimiliki bado.

Mfano unaojulikana zaidi wa kazi hiyo barani Afrika ulitokea Mont Fleur, karibu na Stellenbosch, ambako mwaka 1991 na 1992 watu 22 wa Afrika Kusini, wakiwemo wanasiasa wa vyama vilivyokuwa vikipingana, wachumi, viongozi wa vyama vya wafanyakazi na wafanyabiashara, walikutana mara kadhaa kutunga simulizi nne za nchi yao. Simulizi ya mbuni ilihusu serikali ya makaburu inayoficha kichwa mchangani na kukataa kujadiliana. Ya bata mlemavu ilihusu kipindi cha mpito kisichokwisha. Ya Ikaro, yule kijana wa ngano za Kiyunani aliyeruka karibu mno na jua, ilihusu serikali mpya inayotumia fedha kwa pupa hadi uchumi unaanguka. Na ya mwisho ilihusu kundi la heroe wanaoruka polepole lakini kwa pamoja. Thamani ya kazi ile haikuwa katika ubora wa mafumbo. Ilikuwa katika ukweli kwamba ilifanyika wakati damu bado ikimwagika, kabla ya uchaguzi wa 1994, na kwamba waliokaa kikaoni walikuwa wenyeji ambao wangeishi ndani ya mojawapo ya simulizi hizo.

Kivu na Ituri zinahitaji kipimo chake cha wakati, na kipimo kinachofaa kipo tayari katika kalenda: tarehe 30 Juni 2060 Kongo itatimiza miaka mia moja ya uhuru. Mwaka huo uko mbali kiasi kwamba hakuna kamanda wala waziri wa leo anayeweza kutarajia kuwa madarakani, lakini uko karibu kiasi kwamba watoto waliopo leo watakuwa ndio watu wazima wa wakati huo.

Uharibifu wenyewe unafahamika, na hapa unatajwa kwa ufupi tu. Mapigano ya kikabila yalilipuka Walikale na Masisi mwaka 1993. Julai 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, watu wanaokaribia milioni moja walivuka mpaka kuingia Goma kwa siku chache, na kipindupindu kikawaua maelfu kwa maelfu juu ya mawe ya volkano yasiyochimbika kaburi. Vita vya 1996 vilimng'oa Mobutu mwezi Mei 1997. Vita vya pili vilianza tarehe 2 Agosti 1998 vikayaingiza majeshi ya nchi kadhaa za Afrika. Ituri iliwaka kwa mauaji kati ya Wahema na Walendu. Na hata baada ya serikali ya mpito ya 2003 mapigano hayakukoma, bali yalibadilisha majina ya wapiganaji. Kundi la M23, ambalo ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zimesema linaungwa mkono na Rwanda, jambo ambalo serikali ya Rwanda imelikana, liliiteka Goma Novemba 2012, likashindwa mwaka uliofuata, likarudi mwishoni mwa 2021, na Januari 2025 likaiteka tena Goma, na Februari Bukavu. Huko Beni na Ituri, kundi la ADF lenye asili ya Uganda limekuwa likiwachinja wanavijiji mashambani mwao tangu 2014.

Idadi ya waliokufa haijulikani. Uchunguzi mmoja uliotajwa sana ulikadiria vifo milioni 5.4 vilivyosababishwa na vita kati ya 1998 na 2007, vingi vikiwa vya maradhi na njaa, na watafiti wengine waliupinga kwa hoja kwamba hakuna aliyejua watu wangapi wangekufa hata bila vita. Ubishi huo una chanzo kinachogusa moja kwa moja suala la mustakabali: sensa ya mwisho ya watu nchini Kongo ilifanyika Julai 1984. Mtu aliyezaliwa mwezi ule alitimiza miaka 41 mwaka 2025, amekua, ameoa au kuolewa, pengine amezika watoto, bila taifa lake kumhesabu hata mara moja. Nchi isiyowahesabu walio hai haiwezi kuwahesabu wafu wake, na nchi isiyojua ina watoto wangapi Masisi haiwezi kusema mwaka 2060 Masisi itahitaji shule ngapi. Kwa sababu hiyo sensa, ambayo huonekana kuwa kazi kavu ya watakwimu, inapaswa kuwekwa miongoni mwa matendo ya kwanza ya amani.

Lakini kiini cha jambo lenyewe ni ardhi, na hapo ndipo mhadhara huu hauna budi kukaa kwa muda mrefu zaidi.

Katika nyanda za juu za Kivu, kabla ya utawala wa Wabelgiji na kwa muda mrefu baada yake, haki ya kulima ilitoka kwa mtawala wa jadi, mwami, na miongoni mwa Wabashi mkulima alipata haki ya kudumu kwa kutoa kalinzi, yaani malipo, kwa kawaida ya mifugo, ambayo hayakuwa bei ya kununulia udongo bali kifungo cha uhusiano kati ya aliyetoa na aliyepokea: mkulima aliahidi utii, na mwami akaahidi kwamba shamba lile lingerithiwa. Mfumo huo haukuwa wa haki kwa kila mtu, kwani wanawake na wageni walikuwa ndani yake kwa ridhaa ya wengine, lakini ulikuwa na sifa moja ambayo mifumo iliyofuata iliipoteza, nayo ni kwamba uliwaza kwa vizazi. Utawala wa kikoloni uliukata juu kwa juu. Mwaka 1925 ardhi kubwa ilitengwa kuwa hifadhi, ambayo leo ni Hifadhi ya Taifa ya Virunga, ya kwanza barani. Mwaka 1928 ikaundwa Kamati ya Taifa ya Kivu, chombo kilichokabidhiwa mamlaka ya kugawa maeneo mapana kwa walowezi wa kahawa, chai na mkwinini. Na kuanzia 1937 hadi 1955 serikali ya Wabelgiji iliwahamisha makumi ya maelfu ya watu kutoka Rwanda ili wakae na kufanya kazi, hasa Masisi, bila kuamua kwa uwazi wangekuwa raia wa nani na raia wa ardhi ipi.

Swali hilo lililoachwa wazi ndilo lililokuja kudai damu. Sheria ya Januari 1972 iliwapa uraia waliotoka Rwanda na Burundi na kuishi Kivu tangu kabla ya 1950. Sheria ya Juni 1981 ikaufuta msingi huo. Na sheria ya Novemba 2004 ikaweka kigezo cha makabila yaliyokuwepo katika nchi wakati wa uhuru. Kwa hiyo mtu mmoja, akiwa amekaa katika kilima kilekile na kuzika wazazi wake hapohapo, aliweza kuwa raia, kisha kutokuwa raia, kisha kuwa raia tena, na kila badiliko lilitikisa haki yake ya kulima. Wakati huohuo sheria ya Julai 1973 ilitangaza kwamba ardhi yote ni mali ya dola peke yake, ikaahidi kwamba haki za wanaolima kwa mila zingefafanuliwa kwa amri ya rais, na miongo ikapita bila amri hiyo kutolewa. Wakulima wengi mno walibaki katika hali ambayo wanasheria huiita ombwe, yaani mahali ambapo sheria ya zamani imeondolewa nguvu na mpya haijafika, huku waliokuwa karibu na watawala wakijipatia hati za mashamba makubwa ya mifugo yaliyoachwa na walowezi.

Vita vilipokuja viliongeza tabaka juu ya tabaka. Familia ilikimbia kwenda kambini, ikakaa mwaka, miaka mitatu, miaka kumi, aliyeshika silaha mahali pale aligawa shamba kwa watu wake, aliyegawiwa akauza, aliyenunua akapanda miti, na familia iliporudi ilikuta mtu mwingine mwenye karatasi, na pengine mwenye nia njema kabisa. Shamba moja linaweza kuwa na madai ya mwami, ya afisa wa ardhi, ya mrithi wa mlowezi na ya mtu aliyepewa na kundi lenye silaha, na mahakama ya kusikiliza madai hayo iko mbali kuliko bunduki. Hii ndiyo sababu kijana wa Kivu huingia katika makundi ya wapiganaji wa kienyeji yanayoitwa Mai-Mai au Wazalendo bila kuona kwamba anaacha kilimo: kwa macho yake bunduki ndiyo hati pekee ya shamba la baba yake ambayo haitabatilishwa na sheria inayofuata. Asiyeielewa hesabu hiyo ya kijana atashangaa daima kwa nini programu za kukusanya silaha hupokea bunduki mbovu na kuziacha nzima vichakani.

Kwa hiyo simulizi yoyote nzuri ya Kivu ya 2060 inapaswa kuanza na daftari. Inapaswa kuuliza ni njia gani itakayoifikisha Masisi, Djugu au Fizi mahali ambapo kila shamba lina jina, mipaka iliyokubaliwa na majirani wakiwa wamesimama juu yake, na mwenyewe aliyeandikwa, mume na mke pamoja. Mbegu za njia hiyo zipo. Marekebisho ya Sheria ya Familia ya Julai 2016 yalimwondolea mke ulazima wa kupata idhini ya mume ili afanye tendo la kisheria. Amri ya tarehe 2 Agosti 2014 iliziruhusu jamii za wenyeji kupata misitu yao ya jadi hadi hekta 50,000 bila kikomo cha muda, na Walikale ni miongoni mwa maeneo ambako haki hiyo imetumiwa. Maneno hayo, bila kikomo cha muda, yana uzito mkubwa katika nchi ambayo kila kitu kingine hutolewa kwa muda. Ni mara chache sana sheria ya Kongo imezungumza na watoto ambao hawajazaliwa. Kazi ya kuandika mashamba, kilima kwa kilima, pamoja na fidia kwa watakaopoteza madai yao, haitakwisha kwa miaka mitano. Ikianza sasa na kuheshimiwa na kila serikali inayokuja, inaweza kukamilika ndani ya kizazi kimoja, na hicho ndicho kipimo ambacho 2060 inakitoa.

Mikataba ya amani haijawahi kufikiri kwa kipimo hicho. Lusaka mwaka 1999, Sun City na Pretoria mwaka 2002, Goma Januari 2008, makubaliano ya tarehe 23 Machi 2009 ambayo M23 ilichukua jina lake kutoka kwayo, mkataba wa Addis Ababa wa Februari 2013, mazungumzo ya Nairobi na Luanda, kisha Washington na Doha mwaka 2025: katika mlolongo huo mrefu, suala lililochukua nguvu nyingi lilikuwa ni nani atasitisha mapigano, nani ataondoka, nani atapewa cheo gani na wapiganaji wake wataingizwaje jeshini. Maswali hayo ni ya lazima, na anayeyadharau hajaona mji ukipigwa mizinga. Hata hivyo mkataba unaogawa vyeo unawawazia wenye silaha tu kuwa watu wa kesho, na matokeo yake yameonekana: kila kundi lililojumuishwa jeshini liliwafundisha vijana wa bonde la jirani kwamba njia ya kusikilizwa ni kuunda kundi, hata ikafika mahali ambapo makundi yaliyohesabiwa mashariki mwa Kongo yalizidi 100. Kikao cha Goma cha 2008 kilikuwa na wawakilishi wengi wa jamii na kingeweza kuwa mwanzo wa kitu kingine, lakini nacho kiliishia katika hati ya ahadi za kusitisha mapigano iliyotiwa saini na makundi.

Kuhusu madini, ambayo ndiyo picha ya kwanza inayoletwa na jina la Kivu katika masikio ya ulimwengu, maneno machache yanatosha. Kila kizazi kimeiona Kivu na majirani zake kupitia bidhaa moja: pembe za ndovu, mpira, dhahabu ya Kilo-Moto huko Ituri, bati, kahawa, na tangu kupanda kwa ghafla kwa bei mwaka 2000, koltani, yaani mawe yanayotoa metali ya tantali inayotumika katika vifaa vya umeme, ambayo machimbo yake ya Rubaya, Masisi, ni miongoni mwa makubwa duniani. Historia ya bati inatoa onyo. Kampuni ya Sominki, iliyoundwa mwaka 1976 kwa kuunganisha kampuni za migodi ya Kivu na Maniema, iliwalipa wafanyakazi na kuendesha zahanati na shule, lakini soko la bati la dunia lilipoanguka Oktoba 1985 kampuni nayo ikafifia, na wachimbaji wadogo waliobaki mashimoni walibaki bila mlinzi, tayari kutozwa na yeyote aliyekuja na silaha. Uchumi wa vita ulioota hapo, yaani mfumo wa mapato unaohitaji vurugu ili udumu, hauishi kwa madini peke yake: uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 ulihesabu karibu vizuizi 800 vya barabarani katika Kivu mbili, ambako mkaa, maharage, mbao na hata mtu aendaye kwa miguu na mzigo wake hutozwa. Simulizi inayoijenga 2060 juu ya koltani inajenga juu ya bei ambayo Kivu haiamui. Udongo wa volkano wa Masisi na Rutshuru, ambao umelisha Goma na miji ya mbali kwa viazi, maharage na jibini, utakuwepo hata tantali itakapopata mbadala.

Maji nayo yatakuwepo. Ziwa Kivu limeshika katika vilindi vyake takribani kilomita za ujazo 300 za gesi ya kaboni dioksidi na 60 za methani, na hali hiyo ni tishio na riziki kwa pamoja: kaboni dioksidi ilipofumuka kutoka Ziwa Nyos nchini Kameruni mwezi Agosti 1986 iliwaua watu wapatao 1,700, ilhali upande wa Rwanda mtambo wa KivuWatt umekuwa ukiivuta methani na kuzalisha megawati 26 tangu 2016. Ziwa halijui mpaka. Likivutwa vibaya upande mmoja, hatari ni ya pande zote, na kwa hiyo Kongo na Rwanda, hata zikitazamana kwa mtutu, zinalazimika kuwa na wanasayansi wanaosomeana vipimo. Mto Ruzizi, unaotoka ziwani kwenda Tanganyika, unatoa funzo la namna hiyohiyo: bwawa la Ruzizi II, lililoanza kazi mwaka 1989, ni mali ya pamoja ya Kongo, Rwanda na Burundi kupitia kampuni ya SINELAC, iliyoundwa chini ya jumuiya ndogo ya nchi hizo tatu iliyoanzishwa mwaka 1976, na kampuni hiyo haikufa katika vita vilivyowaua wengi kando ya nyaya zake.

Watu wanaopenda kulinganisha hukumbuka hapa jinsi Ufaransa, Ujerumani Magharibi na nchi nyingine nne zilivyoweka makaa ya mawe na chuma chao chini ya mamlaka moja kwa mkataba wa Aprili 1951, miaka sita tu baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Ulinganisho huo una faida, lakini una mpaka wake. Ujerumani ilikuwa imeshindwa na kukiri, mipaka ilikuwa na askari wa mataifa makubwa, na mahakama ya Nuremberg ilikuwa imeshatoa hukumu. Katika Maziwa Makuu hakuna kilichokiriwa kwa kiwango hicho. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa Oktoba 2010 iliorodhesha matukio 617 ya ukatili mkubwa yaliyofanyika Kongo kati ya 1993 na 2003, na hakuna mahakama iliyoundwa kuyasikiliza kwa ukamilifu wake. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda tarehe 9 Februari 2022 kuilipa Kongo dola milioni 325, kiasi ambacho ni kidogo mbele ya kilichopotea, lakini ni ushahidi kwamba dola inaweza kuwajibishwa na dola. Na mjini Kavumu, Desemba 2017, mahakama ya kijeshi iliyokaa hapohapo ilimhukumu mbunge wa mkoa na wanamgambo wake kifungo cha maisha kwa ubakaji wa watoto wa kike, baada ya madaktari wa Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na Denis Mukwege mwaka 1999, kukusanya ushahidi na familia kukubali kusimama. Kivu ya 2060 isiyo na kesi kama ile katika kila wilaya itakuwa Kivu yenye watu wazima waliokulia kando ya nyumba za waliowadhuru.

Linabaki suala la chumba: simulizi hizi zitungwe wapi, na kwa lugha gani? Mazungumzo mengi makubwa ya amani yameendeshwa kwa Kifaransa na Kiingereza, katika hoteli za miji ya mbali. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa za Kongo, na mashariki ndiyo lugha ambayo Mnande wa Butembo, Mhunde wa Masisi, Mnyarwanda wa Rutshuru, Mbashi wa Walungu na Mnyamulenge wa milima ya Minembwe huweza kuitumia sokoni bila yeyote kujihisi ametekwa na lugha ya mwenzake. Ni lugha ambayo makundi mengi yenye silaha yametolea amri kwayo, na operesheni kadhaa zimeazima majina kutoka kwayo. Haijapewa nafasi ya kuwa lugha ya kufikiria nayo kwa pamoja miaka iliyobaki hadi 2060. Mkoa wa Kivu ya Kaskazini uliwahi kuunda mwaka 1998 baraza la wazee wa makabila yake, na ingawa baraza hilo liliyumbishwa na siasa za wakati wake, umbo lake lilikuwa sahihi kuliko la hotelini.

Jukumu hili haliwaachi nje watu wa nchi jirani. Kongo iliingia rasmi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2022, na wakuu wa nchi wa Jumuiya wamekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kifaransa na Kiingereza. Askari wa Tanzania wamekufa Semuliki, karibu na Beni, na majeshi ya Kenya, Burundi, Uganda na Sudan Kusini yamepita Kivu ya Kaskazini katika kikosi cha Jumuiya kilichoondoka Desemba 2023 bila kuacha amani. Jumuiya imepeleka bunduki. Haijapeleka wapimaji wa ardhi, wanaleksikografia wa kutunga istilahi za sheria ya ardhi ambazo mwanakijiji atazielewa, wala wasuluhishi wenye subira ya miaka.

Kazi hii haina haja ya kusubiri mkataba wa mwisho, kama vile ile ya Mont Fleur haikusubiri. Vyuo vikuu vya Goma, Bukavu, Butembo na Bunia vipo, na walimu wake wamefundisha chini ya tawala zaidi ya moja. Vyuo vya Dar es Salaam, Makerere na Nairobi vina wanasheria, wanajiografia na wataalamu wa Kiswahili. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina makao yake Zanzibar. Navialike watu 30 au 40 kutoka vilima vyenyewe, wakiwemo wanawake waliorudi wakakuta mashamba yao yana wenyewe wengine, wachimbaji, wafugaji, watoto wa watawala wa jadi, waliowahi kubeba silaha na walioishi kambini, wakae kwa vikao kadhaa na kutunga kwa Kiswahili simulizi za Kivu na Ituri ya mwaka 2060, ile wanayoitaka na zile wanazoziogopa. Mtoto aliyezaliwa kambini mwaka 2025 atakuwa na miaka 34 au 35 siku ile ya miaka mia ya uhuru, na swali la kwanza ambalo kikao hicho kinapaswa kulijibu ni shamba lipi litakuwa lake, na litakuwa limeandikwa katika daftari gani.